Uzoefu wangu: dopla ya mishipa ya shingo, kipimo kizuri ila dai maelezo

Nina presha na sukari miaka mingi, sasa dokta wa kliniki aliweka kile chombo cha kusikilizia moyo shingoni kwangu akasikia kamlio, akaniandikia dopla ya mishipa ya shingo, yaani ultrasaundi ya kuangalia damu inavyopita kwenye mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo. Dalili sina hata moja, natembea, naongea, shambani naenda. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa presha maana wengi hawajui kama kuna kitu kama hiki.

Kipimo chenyewe nakisifu sana. Unalala chali unageuza shingo, wanakupaka ile jeli ya baridi, fundi anapitisha kifaa pande zote mbili, hakuna sindano, hakuna mionzi, nusu saa haifiki ushamaliza. Mashine inasoma spidi ya damu, pale mshipa ulipobanwa damu inakimbia zaidi, kama mpira wa maji ukiuminya kwa kidole. Ikivuka sentimita 125 kwa sekunde wanahesabu umeziba kuanzia 50%, ikivuka 230 ndo wanasema 70% kwenda juu.

Shida ni majibu jamani. Kile kituo walinikabidhi bahasha, kushoto kumeziba 60%, na aliyenipa akaniambia mzee wahi upasuliwe kabla hujapigwa stroku, yaani kiharusi. Basi! Mtu ana presha halafu unamwambia hivyo mlangoni. Nyumbani usingizi ukakata, watoto wakaanza kuongelea kuchangishana nipelekwe India.

Namshukuru bingwa wa mishipa ya fahamu niliyemwona baadae, alikaa na mimi akanieleza taratibu kwamba asilimia peke yake haitoshi kusema una hatari kiasi gani. Kuna utafiti wa Oxford wa 2021, waliobanwa 80% mpaka 99% kama 18 kati ya 100 walipata kiharusi cha upande ule ndani ya miaka 5, ila wa 50% mpaka 79% alikua 1 tu kati ya 100. Hapo ndo nilipumua. Halafu wanaangalia mafuta yenyewe yaliyoganda ukutani mwa mshipa, yale laini yanayotokea meusi kwenye ultrasaundi au MRI ikionyesha damu imevujia ndani yake ni mabaya kuliko yaliyokauka yakawa kama chokaa. Wanaangalia pia kama CT ya kichwa ina makovu ya kiharusi kilichopita kimya kimya, na kama mshipa unazidi kubana mwaka hadi mwaka.

Na hiyo habari ya 60% upasuliwe ina historia, ni utafiti wa Marekani wa 1995, operesheni ilishusha hatari ya miaka 5 kutoka 11% mpaka 5%, lakini enzi hizo dawa za statini, zile za kushusha kolesto, hazijaenea. Utafiti mpya unaoitwa CREST-2, uliotoa majibu 2025, ulichukua watu wasio na dalili waliobanwa 70% kwenda juu, waliotumia dawa tu kwa umakini ilikua kama 5 au 6 kati ya 100 waliopata shida ndani ya miaka 4, stenti, kile kibomba cha waya kinachotanua mshipa kwa ndani, ikashusha kufika kama 3, ila kwenye operesheni tofauti haikutosha kusema imesaidia. Kwa hiyo mimi niko kwenye aspirini na statini, presha ya juu isivuke 130, na ile kolesto mbaya ishuke chini ya 70.

Kipimo nakipa nyota 5, maelezo ya kile kituo nyota 1. Kama huna tatizo lolote usikimbilie, hata Marekani jopo lao la kinga linashauri wasio na dalili wasipimwe kiholela, maana majibu yasiyo sahihi yanaweza kukufikisha kwenye kisu bure. Ila dokta akiwa na sababu nenda, na ripoti iandikwe spidi na aina ya mafuta, sio asilimia tu. Na mkono ukifa ganzi ghafla, mdomo ukapinda au jicho moja likaingia giza, hata kama imepita baada ya dakika chache, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kliniki.