Hendeli, mota au kanyagio: cherehani ya fundi mwenye ulemavu wa miguu

Vijana wenye ulemavu wa viungo wanaomaliza mafunzo ya ushonaji Moshi na Arusha mara nyingi hukabidhiwa cherehani za aina moja: kichwa cheusi cha Butterfly au kinachofanana nacho, juu ya meza ya chuma yenye kanyagio. Kichwa hatuna ugomvi nacho. Ni kizito, kinatulia, vipuri vyake havisumbui kupatikana, na kwa sindano namba 14 kinapita kitenge bila shida. Ukiweka namba 16 kinamudu kaki ya kaptula za shule. Shida ni kinachozungusha gurudumu. Hapo ndipo fundi mmoja anapata riziki na mwenzake anaifunika cherehani kitambaa na kuiacha kona ya chumba.

Tuanze na hendeli, yaani mkono wa kuzungushia gurudumu, kwa kuwa ndiyo wafadhili wanayoipenda. Inafungwa kwa skrubu moja nyuma ya shingo ya cherehani, na kidole chake kinaingia kati ya spoku za gurudumu. Mzunguko mmoja hutoa mishono mitatu hivi. Haihitaji umeme, na kwa anayeshonea barazani mjini Moshi hilo si jambo dogo. Lakini inakula mkono wa kulia wote. Kitambaa kinabaki kuongozwa na mkono wa kushoto peke yake. Pindo refu la shuka halina neno, ila ukifika kwenye zipu, kola au mzunguko wa kwapa, kila inchi ni kusimama, kunyoosha, kuzungusha tena. Msimu wa sare za Januari malipo ni kwa idadi ya vipande, na hapo mwenye hendeli ataachwa nyuma hata awe hodari kiasi gani. Kwa kujifunzia miezi ya kwanza inafaa sana. Kwa kumlisha mtu, hapana, labda pale ambapo umeme haupo kabisa. Kabla ya kulipa, tazama gurudumu: likiwa la bapa lisilo na spoku, kidole cha hendeli hakina pa kushika.

Mota ndiyo chaguo letu kwa aliyepooza miguu yote miwili. Ile ndogo ya volti 220, wati 100 hadi 150, inafungwa kwenye tundu lilelile la hendeli, na saa nzima ya kushona haifikishi hata robo ya uniti. Fundi wa barazani anaweza kuelewana na mwenye duka akavutiwa waya. Mkanda wake wa mpira usikazwe kama uzi wa gitaa. Ukiubonyeza kwa kidole uingie kama sentimita moja, la sivyo mota inachemka na bushi zinakufa mapema. Hendeli itunzwe kwenye droo, kwa sababu TANESCO wakikata, kubadilisha ni kazi ya bisibisi na dakika chache.

Kinachokosewa zaidi ni pedeli, ile swichi ya kubonyeza inayoendesha mota. Imetengenezwa kwa ajili ya mguu, kwa hiyo watu huiweka sakafuni hata kwa asiyeweza kuifikia, au wanampakatisha. Usimpakatishe kamwe! Pedeli hupata moto ikifanya kazi muda mrefu, na mtu mwenye mgongo wazi wa kuzaliwa au aliyeumia uti wa mgongo huenda hana hisia mapajani. Ataungua asijue, na kidonda cha namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Pasi ya mkaa nayo ni hivyohivyo: cheche ikidondokea paja lisilo na hisia, atakayeiona ni mwingine. Apigie pasi kwenye meza ya pembeni, si mapajani. Pedeli ifungwe juu ya kibao mezani, upande wa kiwiko kilicho imara, ikiwa imeinama kidogo. Kiwiko kinabonyeza, viganja vyote viwili vinabaki kwenye kitambaa. Mwenye nguvu nyongani anaweza kufungiwa pedeli wima kwenye mguu wa meza, aisukume kwa goti. Kwa kijana mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli humkaza ghafla, chomeka kabari ya mbao chini ya pedeli isiweze kushuka hadi mwisho; cherehani haitaruka naye.

Meza ya chuma ya asili haifai kwa kiti mwendo, maana kanyagio linagonga vikanyagio vya kiti na fundi anashona akiwa amenyoosha mikono. Seremala wa kawaida anaweza kutengeneza meza yenye nafasi wazi ya sentimita 70 hivi kutoka sakafuni, kina cha kuingiza magoti, na tundu la kutumbukiza kichwa ili kitambaa kilale sawa na uso wa meza. Pima kwanza kiti chenyewe, kwani viti havilingani. Na anayekaa kutwa nzima ajiinue kwa mikono kila nusu saa kuyapumzisha makalio, hata kazi iwe inakimbizwa.

Kanyagio tusilitupe. Mwenye mguu mmoja mzima analimudu vizuri. Waliopinda miguu kwa fluoridi ya maji ya kandokando ya Mlima Meru nao wana nguvu na hisia, ila wasilazimishwe kama magoti yanauma. Kwa mwenye kiatu cha chuma cha kushikilia mguu tatizo ni kifundo kisichopinda: anapoanza, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Aanzishe gurudumu kwa mkono kuelekea kwake, ndipo akanyage. Kabla ya kununua, inafaa aulize hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako wataalamu wa viungo bandia wanafundishwa katika chuo cha TATCOT tangu 1981, kama kifundo cha kiatu chake kinaweza kuachiwa kidogo.

Mkanda wa ngozi wa kanyagio ukilegea, kata sentimita moja uubane upya. Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia huganda ndani.

Vyuo vinavyonunua kwa jumla vinaweza kuagiza vichwa tu, vyenye gurudumu la spoku, kisha fedha ya meza za chuma iende kwenye mota na kwa seremala. Aliyekwisha kuhitimu aulizie halmashauri mkopo usio na riba, ule wa asilimia 2 ya mapato ya ndani uliotengwa kwa watu wenye ulemavu, na kwenye orodha ya vifaa aandike mota, kibao cha pedeli na meza, kila kimoja kwa bei yake.