Chati ya nyimbo ya YouTube kwa Tanzania: inahesabu nini, na Kigoma inaonekana wapi

Kwenye vijiwe vya Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, ubishi wa muziki siku hizi ni wa picha za skrini. Huyu anaonyesha wimbo ukiwa namba 9, yule anaonyesha wimbo huohuo ukiwa namba 41, na wote wawili wako sahihi, maana kila mmoja kafungua chati yake. Kati ya zote tumeamua kuipima ya nyimbo za wiki ya YouTube kwa Tanzania. Inafunguka bure kwenye simu yoyote, haidai akaunti, na hata msikilizaji asiye na kifurushi cha kulipia muziki anaweza kuisogeza kwa kidole chake.

Hapo ndipo ilipo sifa yake kubwa. Chati kadhaa zenye majina makubwa hazimhesabu asiyelipa sawa na anayelipa. Uingereza, tangu Julai 2018, usikilizaji 100 wa kulipia unahesabiwa kama nakala moja ya singo iliyouzwa, lakini wa bure inabidi ufike 600. Kwa hiyo mara 6,000 za kulipia ni nakala 60, na mara 6,000 za bure ni nakala 10 basi. Wimbo ukikaa muda mrefu na kuanza kushuka, uzito unakatwa nusu: 200 na 1,200. Billboard ya Marekani, kwa upande wa albamu, ilidai mara 1,250 za kulipia au 3,750 za bure ili ihesabu albamu moja iliyouzwa, kisha Januari 2026 ikashusha hadi 1,000 na 2,500. Pengo limepungua, ila lipo, na mwezi huohuo YouTube ikaacha kuipelekea takwimu zake, ikishikilia kwamba kila usikilizaji uhesabiwe sawa. Kwa mji ambao watu wananunua bando la siku na kusikiliza bure, tunaona hoja ya YouTube ndiyo ya haki. Kwenye chati yake yenyewe, anayelipa na asiyelipa ni mmoja na mmoja.

Sasa zile namba mbili za kijiweni. YouTube ina chati ya nyimbo na chati ya video za muziki, na watu wanazichanganya kila siku. Ya video inahesabu video moja iliyopandishwa. Ya nyimbo inajumlisha video rasmi, sauti iliyopelekwa na msambazaji (kampuni inayomwekea msanii nyimbo mtandaoni), video ya mashairi, pamoja na video za watu wengine walioutumia wimbo, mradi mfumo umeutambua. Msanii mwenye video moja kali anaweza kuwa juu kwenye ya pili na chini kwenye ya kwanza, na mwenye wimbo unaochezwa kwenye kila video ya harusi akawa kinyume chake.

Hilo neno "umeutambua" ndilo linalowaumiza wengi. Kila rekodi inatakiwa kuwa na kodi ya ISRC, yaani alama ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za aliyesajili, mbili za mwaka, tano za rekodi yenyewe. Matatizo huanza pale prodyuza anapopandisha faili kwenye chaneli yake mapema, wiki mbili baadaye msambazaji analeta sauti yenye kodi, halafu msanii anahamia kwa msambazaji mwingine na wimbo uleule unapewa kodi mpya. Hesabu inaweza kugawanyika mafungu mawili au matatu, na hakuna fungu linaloingia chati. Dawa yake ni rahisi ila ifanywe mapema: omba kodi kwa maandishi siku unayowasilisha wimbo, itunze, na ukihama msambazaji hama nayo. Remiksi ni rekodi nyingine, ipewe kodi yake.

Wiki ya chati huanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Ukitoa wimbo Jumatano jioni kwa sababu redio imekupa nafasi ya mahojiano, wiki yako ya kwanza ina siku moja na kitu, na ule moto wa mwanzo unagawanyika kwenye wiki mbili. Hili kosa halina gharama kulirekebisha, na bado linarudiwa.

Kuhusu kubusti: tangu Septemba 2019 utazamaji unaotokana na matangazo ya kulipia hauingii kwenye hesabu ya chati za YouTube. Kaunta iliyo chini ya video inaweza kupanda, chati isitikisike. Kwa hiyo video yenye watazamaji 400,000, nusu yao wameletwa na tangazo, ikipitwa na yenye 250,000 msishangae wala msiseme chati imehongwa. Tangazo lina kazi yake ya kutambulisha wimbo. Kukuweka kwenye chati si kazi yake.

Udhaifu mkubwa wa chati hii, kwetu, ni mahali. Inasema Tanzania na inaishia hapo. Kama unataka kujua wimbo umeshika Kigoma, Kasulu au Kibondo, chati haina la kukuambia. Ndani ya YouTube Studio, pale mwenye chaneli anapoona takwimu zake, ipo ripoti ya miji, lakini isomwe kwa tahadhari: mahali panakisiwa kwa anwani ya intaneti, na anwani ya simu huweza kusomeka pale mtandao wa kampuni unapotokea, si pale mtumiaji alipokaa. Msikilizaji wa Kibirizi anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam. Na kuna ziwa. Muziki wa Kigoma unavuka kwenda Bujumbura, Uvira na Kalemie, na wasikilizaji wa huko wanahesabiwa kwa nchi zao. Wimbo wenye hadhira moja ya mwambao unakatwa vipande vitatu na mipaka, kisha unaonekana mdogo kila upande.

Spotify, iliyoingia Tanzania Februari 2021, tunaiweka ya pili kwa sasa. Inahesabu baada ya sekunde 30, kwa hiyo utangulizi mrefu wa maongezi juu ya biti unakula nafasi yako, hasa pale mtandao unapokatikakatika. Anayelipia na kupakua akasikiliza nje ya mtandao hapotei: simu hupeleka hesabu ikirudi hewani, na lazima irudi angalau mara moja kila siku 30. "Wasikilizaji wa mwezi" ni watu, si mara, nao huhesabiwa kwa siku 28. Wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi. Boomplay iangaliwe pia, maana simu nyingi za Tecno, Infinix na itel zimekuja nayo ndani.

Wanaonunua namba wanaonekana haraka. Ukiwa menejimenti, usikubali picha ya kaunta peke yake. Fungua takwimu za video, chagua tarehe za Ijumaa hadi Alhamisi, tazama vyanzo vya watazamaji, wastani wa muda wa kutazama na nchi. Wimbo wa dakika tatu na nusu wenye wastani wa sekunde 11, watazamaji wengi kutoka nchi zisizosikia Kiswahili, maoni manne: hizo ni namba za kununua. YouTube huzifuta. Spotify tangu 2024 humtoza msambazaji faini kwa wimbo uliokithiri namba za kununua, na msambazaji anaweza kuishusha kwako au kuuondoa wimbo.

Kwa ujumla tunaipa chati hii 7 kati ya 10. Tatu tulizokata ni za mahali, na za kitu kimoja ambacho hakuna chati inayokigusa: vibanda vya kurushia nyimbo. Memori kadi ikishajazwa na kuchomekwa kwenye sabufa ya saluni au redio ya bajaji, wimbo utachezwa mara mia bila hata moja kufika kwenye hesabu. Kwa hiyo kabla ya kulipia promosheni, chagua vibanda vitatu, kimoja Mwanga, kimoja Ujiji, kimoja Kasulu, na muombe mwenye kibanda aweke alama kwenye daftari kila mteja anapoutaja wimbo wenyewe bila kuulizwa. Aanze Ijumaa, afunge Alhamisi, ili daftari na chati visome wiki moja.