Seva Pepe kwa Chama cha Korosho: Ipi Inunuliwe Kwanza

Kwa chama cha msingi cha Newala au Tandahimba kinachotaka kuweka daftari lake la stakabadhi ghalani mtandaoni, kipimo cha kuchagulia seva pepe (kompyuta ya kukodi inayofikiwa kwa intaneti) si bei ya mwezi pekee, bali pia kama seva hiyo inaweza kukuzwa minada ya korosho inapoanza Oktoba na kupunguzwa msimu ukiisha. RAM (kumbukumbu ya kazi ya seva) ya GB 2 inatosha programu ya ofisi moja. Magunia yakianza kumiminika, GB 4 zinaweza kuhitajika.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa Hetzner ya Ujerumani. Prosesa na RAM huongezwa na baadaye kurudishwa zilivyokuwa, mradi mnunuzi asikubali kukuza diski kwa wakati huohuo, kwani diski ikishakuzwa hairudi nyuma. Huduma ya nakala rudufu huongeza asilimia 20 ya bei ya seva, na ilipiwe bila kubishana. Umbali wa Ulaya utaonekana katika kusita kidogo kwa kurasa, jambo lisilomkwamisha karani anayejaza fomu.

Vultr, yenye kituo cha seva Johannesburg, ni ya pili. Iko karibu zaidi, lakini kurudi kwenye seva ndogo kunamaanisha kuunda nyingine na kuhamisha kila kitu. Wala ukaribu si kinga: Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania. (Daftari la karatasi pale ghalani lisitupwe bado.)

Ya tatu ni AWS, huduma ya seva ya Amazon, iliyofungua kituo Cape Town mwaka 2020. Ina kila kitu na hutoza kila kitu: diski kivyake, data inayotoka kivyake, na tangu Februari 2024 hata anwani ya IPv4 ya umma (namba ya kuifikia seva kwenye intaneti) hulipiwa kwa saa. Sioni mhasibu akiieleza ankara hiyo kwenye mkutano mkuu wa wanachama.

Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweza kuupindua mpangilio huu wote, kwa kuwa inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na daftari la korosho limejaa majina, namba za simu na akaunti za benki za wakulima. Chama kisicho na mtu wa kuyashughulikia masharti hayo kinunue seva kwa mwenye kituo Dar es Salaam, hata kwa bei ya juu, na mkataba utaje mashine zilipo na nakala rudufu zinapokaa.

Kwa Hetzner na Vultr, kuzima seva hakusimamishi malipo. Ni lazima ifutwe. Kadi ya kulipia iwe na salio kabla ya tarehe ya ankara, kuingia kwenye seva kuwe kwa ufunguo wa SSH (faili la siri linalotunzwa kwenye kompyuta ya msimamizi) badala ya nywila, masasisho ya usalama yajiendeshe yenyewe, na kila wiki ya msimu nakala moja ishushwe kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini ofisini.