Fundi wa kusaga mawe, Morogoro: nimeridhika

Nilimpelekea naisi (mwamba wenye mistari, uliobadilishwa na joto na mgandamizo) ya milima ya Uluguru anisagie vipande vya kutazama kwa hadubini. Cha kwanza kilirudi kinene. Ndiyo maana kwazi, madini ya kawaida ya mawe, ilionekana ya njano badala ya kijivu kwenye hadubini ya mwanga uliochujwa. Alikisaga upya mbele yangu hadi milimita 0.03, bila kunidai hata senti.

Hapo ndipo nikaona nilichokitafuta! Piroksini, madini meusi yasiyo na maji, imevikwa ukingo wa honiblendi ya kijani, madini yenye maji, na kati ya chembe na chembe kuna utando wa kwazi uliojipenyeza kwenye kila pembe. Uji wa mawe yaliyoyeyuka ulipita humo, chini kabisa ya gamba la dunia, ukaleta maji, ukageuza madini na kuyeyusha sehemu ya mwamba.

Gundi ambayo fundi hubandikia jiwe kwenye kioo haina kiputo hata kimoja. Ila weka alama kwenye jiwe upande wa kukatwa, maana fundi haulizi.