Kompyuta ndogo ya gemu isiyopiga kelele: uzoefu wangu hapa Kampala

Mke wangu ni muuguzi. Wiki mbili katika kila mwezi yuko zamu ya usiku. Anarudi saa mbili asubuhi, anaoga, anakunywa chai, analala. Tunaishi Kireka, vyumba viwili, na meza yangu iko chumbani, hatua tatu kutoka kitandani, maana sebule ni ya watoto na televisheni. Kwa miaka minne nilikuwa nacheza kwa laptop ya gemu ambayo mechi ikianza tu, inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Hakuwahi kunigombeza. Aligeukia ukutani, akajifunika kitenge kichwani. Hilo liliniuma kuliko ugomvi.

Mwaka jana niliuza ile laptop nikaamua kuunda kompyuta ya mezani kwa masharti mawili: ikae kwenye kona ya meza bila kuifukuza sahani ya chakula, na aliyelala hatua tatu asiisikie. Nimeitumia miezi saba sasa, ya mvua na ya jua, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyaishi.

Nilianza kwa kupenda makasha madogo mno. Kuna la DAN A4-SFX lenye lita 7 na kidogo, kuna Fractal Design Terra lenye lita 10 na ubao wa mti usoni, zuri sana. Usiku nilikuwa naangalia picha zake kama mtu anayechagua kiwanja. Kilichonigeuza ni hesabu moja ya mafundi wa feni: ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inayopita nayo hupungua kwa nusu, lakini sauti hushuka kwa takriban desibeli 15. Yaani feni pana zinazozunguka polepole zitapitisha hewa ile ile ya feni ndogo inayokimbia, na sikio halitalalamika. Feni pana zinataka nafasi. Kasha la lita 7 halina nafasi hiyo. Humo kipoza joto cha prosesa kinakuwa kifupi kama kiganja, na feni yake lazima ikimbie.

Basi nikachukua Cooler Master NR200, lita 18 na robo. Bila miguu na vinavyochomoza, urefu wake ni milimita 360, upana 185, kimo 274. Ukitaka kuliona kwa macho, tazama jerikani la lita 20 la maji hapo jikoni kwako; kasha zima, na kadi ya grafiki ndani yake, ni dogo kuliko hilo. Linabeba madabodi (ubao mkuu unaounganisha vipande vyote) ya Mini-ITX, ile ya milimita 170 kwa 170, na linaruhusu kipoza joto kirefu cha zaidi ya milimita 150. Kwangu ndilo lililokuwa dogo la kutosha bila kuibana hewa.

Kabla ya feni, lakini, kuna wati. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta inatoka kama joto, na joto ndilo linaloamuru feni zikimbie. Nilikuwa na tamaa ya kadi ya grafiki ya RTX 4070, ambayo ni wati 200. Nikajiuliza skrini yangu ni ipi: ni ya 1920 kwa 1080, herzi 75. Mechi za mpira na mbio za magari, ndiyo michezo yangu. RTX 4060 inatumia wati 115 na inanitosha. Prosesa ni Ryzen 5 7600, inayoandikwa wati 65 ingawa ikibanwa hufika 88. Ukiweka vyote pamoja na vitu vidogo vidogo, kompyuta nzima ikicheza haivuki wati 250. Saa nne za kucheza ni uniti moja ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, basi. Hiyo nayo ni hesabu ya nyumbani, tena ndiyo iliyomfanya mama watoto akubali haraka.

Kipoza joto ni Noctua NH-U9S, chenye kimo cha milimita 125 na feni ya milimita 92. Nilikipenda kwa sababu ni chembamba, hakiifuniki RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) wala hakiigusi kadi ya grafiki, na kwenye madabodi ndogo vitu hivyo vimekaa bega kwa bega. RAM nilinunua vipande viwili vya GB 16 kwa mkupuo, maana Mini-ITX ina nafasi mbili tu; ukianza na vipande vidogo, siku ya kuongeza utavitoa vyote. SSD ya TB 1, ile ya kuchomeka moja kwa moja kwenye madabodi. Diski za zamani za kuzunguka sikuzitaka kabisa, zinakwaruza usiku kama panya darini.

Sasa kununua. Maduka ya kompyuta ya mjini Kampala yana vitu, usidanganywe kwamba hakuna. Prosesa, RAM na SSD nilipata hapa hapa, kwa bei ya kuzungumza. Shida ni vile vya umbo dogo: kasha, madabodi na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Karibu kila duka niliingia waliniletea makubwa ya kawaida. Duka moja likaniambia wanayo pawa saplai ya SFX, yaani ya umbo dogo. Nilifurahi, nikalipa, nikapanda boda hadi nyumbani. Nilipofungua, ilikuwa ya kawaida kabisa: milimita 150 kwa 86, wakati SFX ni 125 kwa 63.5, na kina cha 100. Kumbe kwao neno lile lilimaanisha "ndogo kidogo". Kurudisha pesa walikataa. Walikubali nibadilishe kwa kitu kingine cha dukani, nikaondoka na kibodi ambayo sikuwa naihitaji. Tangu siku hiyo natembea na futi ya fundi cherehani mfukoni, na sioni aibu kupima kitu kaunta mbele ya muuzaji. Nawe pima.

Vile vitatu vililetwa na binamu yangu kutoka Nairobi, kwa basi kupitia Busia. Alikuwa na risiti zote mkononi, wakakadiria kodi, akalipa, akapewa stakabadhi, akaendelea na safari. Risiti ndizo zilizomwokolea muda. Abiria wa kiti cha jirani aliyekuwa na spika bila karatasi yoyote, basi lilimngoja mpaka watu wakaanza kunung'unika. Jumla yote, usafiri na kodi ndani, ilifika shilingi 5,300,000 za Uganda. Si pesa ndogo. Laptop niliiuza milioni mbili, zilizobaki nilidunduliza.

Kuunda kulichukua Jumapili moja, kuanzia baada ya chakula cha mchana hadi watoto walipolala. Kwenye kasha dogo utaratibu ni kila kitu. Nilifunga prosesa, RAM, SSD na kipoza joto juu ya meza kwanza, madabodi ikiwa nje, ndipo nikaiingiza. Waya mnene wa umeme wa prosesa uchomeke kabla kadi ya grafiki haijaingia, la sivyo vidole havifiki. Nyaya za pawa saplai yangu ni ngumu kama matawi ya mpera. Nilizikunja kidogo kidogo kwa mikono, nikazifunga kwa vifungo vya nyaya.

Halafu nikawasha, na skrini ikabaki nyeusi.

Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini kimya. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Moyo ulinienda mbio kwa namna ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa nimeshika swichi ya ukutani tayari kuzima. Mdogo wangu, tuliyekulia naye kambini Jinja na ambaye ni fundi wa simu, akanishika mkono: "Kaka, ngoja. Hizi mpya zinajifunza RAM kwanza." Alikuwa sahihi. Madabodi za AM5 (soketi ya prosesa kama yangu) zenye DDR5 (RAM ya kizazi kipya), ukiziwasha mara ya kwanza, zinaipima RAM kwa dakika kadhaa kabla ya kuonyesha chochote. Ukikata umeme katikati, inaanza upya. Laiti ningejua mapema. Nakuambia wewe ili usikae kama nilivyokaa siku ile.

Kazi ya ukimya wenyewe ilikuja baada ya hapo, na ndiyo iliyonipendeza zaidi. Ukiacha mipangilio ya kiwandani, feni zinapanda na kushuka kila unapofungua kivinjari, kwa sababu joto la prosesa hizi huruka juu kwa sekunde moja kisha linashuka. Anayelala haamshwi na sauti tulivu inayoendelea. Anaamshwa na ile inayobadilika. Kwa hiyo niliingia BIOS, mipangilio ya ndani ya madabodi, nikapanga feni ya prosesa ikae polepole, mwendo mmoja, mpaka joto livuke nyuzi 70, na hata hapo ipande taratibu baada ya sekunde kadhaa. Prosesa hii mpaka wake ni nyuzi 95, hivyo 70 haina cha kuogopesha. Feni mbili za milimita 120 nimeziweka chini, zinavuta hewa safi moja kwa moja kwenye kadi ya grafiki. Ya juu na ya nyuma zinatoa joto nje. Kadi yenyewe, nikiwa naandika au natazama video, feni zake zinasimama kabisa.

Jambo lililobadilisha kila kitu, kuliko hata kile kipoza joto cha bei, halikunigharimu shilingi: niliwekea gemu kikomo cha picha 75 kwa sekunde, sawa na skrini. Kabla ya hapo, kwenye menyu tu, kadi ilikuwa inachora mamia ya picha ambazo skrini haiwezi kuzionyesha, inapata moto bure, na inatoa mlio mwembamba kama mbu karibu na sikio. Mlio huo hautoki kwenye feni, unatoka kwenye koili za umeme za kadi, na hakuna feni utakayobadilisha ukauondoa. Kikomo kiliuzima siku hiyo hiyo. Joto la kadi likashuka, feni zikapoa.

Kipimo changu ni saa ya ukutani. Tuna saa ya mishale juu ya mlango. Wakati wa laptop sikuwahi kuisikia nikicheza. Sasa, mechi ikiwa katikati, dirisha limefungwa, joto la chumba nyuzi 26 hivi, naisikia tiki, tiki, na kompyuta inasikika kama pumzi ya mtu tu ukiweka sikio karibu. Prosesa inakaa kwenye 68, kadi kwenye 64. Mbio za magari ndizo nzito zaidi, zinapandisha zote mbili kidogo, na hapo nasikia upepo mwepesi. Siku moja mke wangu aliamka saa sita mchana akaniuliza kama leo umeme umekatika, maana hakusikia nikicheza. Nilikuwa nimecheza saa mbili.

Umeme, kwa kweli, unastahili maneno yake. Wenyeji wa hapa tunajua: unakatika, unarudi kwa kishindo. Nilinunua UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya bei nafuu mjini, imeandikwa 650 kwa herufi kubwa. Hiyo 650 ni VA, wati zake hazifiki 400. Kwangu zinatosha, lakini soma maandishi madogo. Tatizo lilikuwa jingine. Kila umeme ulipokatika, kompyuta ilizimika papo hapo kana kwamba UPS haipo. UPS za namna hiyo zinatoa wimbi la umeme la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hazilipendi. Nilibadilisha kwa yenye wimbi laini, ghali karibu mara mbili. Na hiyo ina feni yake, inavuma! Baada ya kazi yote ile ya kutafuta ukimya, sauti kubwa kuliko zote chumbani ikawa ya UPS. Nimeihamishia sebuleni nyuma ya kabati, na waya unapita chini ya mlango. Kama unapanga chumba chako, ipangie UPS mahali pake tangu siku ya kwanza.

Vumbi nalo. Barabara yetu ni ya muramu, na Januari mpaka Februari kila kitu kinakuwa chekundu. Feni za chini zina chujio. Nalitoa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nalikung'uta nje, nalipitisha brashi ya rangi iliyo safi. Ndani nimefungua mara mbili tu katika miezi saba na sikukuta mengi. Usiliweke kasha hili juu ya zulia, litavuta manyoya na kukosa hewa. Meza au ubao mgumu.

Kwa anayehamahama kila wiki na kompyuta begani, lita 18 bado ni mzigo, na huyo namshauri avumilie kelele kidogo achukue la lita 10. Kwa anayetaka kucheza kwenye skrini ya 4K, wati nilizochagua hazitamtosha, na akiongeza wati ajue anaongeza feni na sauti. Kwa chumba kimoja ambacho mmoja anacheza na mwingine analala, sijajutia kipande hata kimoja, isipokuwa ile kibodi.

Imebaki feni ya nyuma, ambayo nilitumia niliyokuwa nayo na ina mkwaruzo mdogo sana ikianza kuzunguka asubuhi ya baridi. Binamu anakuja Desemba. Nimeshamtumia vipimo vyake kwa milimita, pamoja na picha.