Wiki sita za mafunzo ya uongozi na kazi kwa vitendo, Mbeya na Tukuyu: tathmini ya mzazi

Binti yangu alimaliza kidato cha nne mwezi Novemba, na kama ilivyo kwa wahitimu wengi, alibaki nyumbani zaidi ya nusu mwaka akisubiri kwanza matokeo, kisha kupangiwa shule ya kidato cha tano. Miezi hiyo ni mirefu kwa kijana wa miaka 17. Mwezi wa tano nilimwandikisha katika programu ya wiki sita inayoendeshwa na taasisi moja ya vijana jijini Mbeya, ambayo inaunganisha mafunzo ya uongozi na kazi kwa vitendo. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi na walezi wanaofikiria kufanya kama nilivyofanya, kwa sababu nilipokuwa nikitafuta maelezo ya namna hii kabla ya kulipa ada sikupata mtu wa kunieleza.

Utaratibu ni huu: kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi kijana anakuwa kwenye kituo cha kazi alichopangiwa, na siku za Ijumaa na Jumamosi vijana wote wanakutana darasani mjini Mbeya. Ada ilikuwa shilingi 150,000, ambayo inagharamia ukumbi, chakula cha mchana cha siku mbili za darasa, kitini na fulana. Nauli ni juu ya mzazi. Kituo cha kazi hakilipi mshahara, ila kinatoa chai na chakula cha mchana.

Kabla ya kulipa niliomba makubaliano ya maandishi kati ya taasisi, kituo cha kazi na mimi mzazi, nayo nikapewa bila kuzungushwa. Ninamshauri kila mzazi ayaombe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliyetimiza umri huo inamruhusu kufanya kazi nyepesi tu, ambazo hazimdhuru wala kumharibia masomo. Kwa hiyo muda wa kuingia na kutoka, aina ya kazi na jina la msimamizi ni mambo yanayopaswa kuandikwa, hata kama kijana anakwenda kujifunza tu. Katika makubaliano yetu iliandikwa wazi kwamba binti hatabeba keni zilizojaa maziwa na kwamba atatoka saa nane mchana.

Kituo alichopangiwa kilikuwa cha kukusanyia maziwa karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, naye akawa analala kwa shangazi yake siku za kazi. Nakiri kwamba mwanzoni sikufurahi. Nilikuwa nimetarajia ofisi, mahali penye meza na kompyuta, na nilimsindikiza Jumapili ile jioni hadi njia panda ya Uyole nikiwa na mashaka moyoni. Leo ninaona kwamba kituo kile ndicho kilichofanya ada yangu iwe na thamani.

Wafugaji wa Rungwe wengi wana ng'ombe mmoja au wawili wa kisasa, waliofungwa bandani na kulishwa matete na migomba, na maziwa ya asubuhi ndiyo fedha yao ya sabuni, ya ada na ya dawa. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu wanafika kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, na kila mmoja anasubiri maziwa yake yapimwe kabla ya kumiminwa kwenye tangi la kupozea. Wiki ya kwanza binti yangu aliandika tu daftari: jina, namba ya mwanachama, lita. Wiki ya pili alifundishwa kupima. Laktomita, kifaa kinachoonesha kama maziwa yameongezwa maji, inazamishwa kwenye silinda ya maziwa na kuachwa ielee. Maziwa ambayo hayakuongezwa maji husoma kati ya 26 na 32, na chini ya hapo mpimaji anakuwa na haki ya kuuliza. Kisha kuna kipimo cha alkoholi, mililita mbili za maziwa kwa mililita mbili za alkoholi ndani ya kijiko maalumu cha kupimia: yakibaki laini yanapokelewa, yakionesha chembechembe yameanza kuchacha, na yakimiminwa tangini yataharibu ya majirani wote.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu alifika mzee mmoja na ndoo ya lita saba. Binti alimwamkia, mzee akaitikia marahaba, kisha binti akapima, na chembechembe zikaonekana. Akarudia kipimo mara ya pili, mkono ukitetemeka kama alivyonisimulia mwenyewe, na majibu yakawa yaleyale. Nyuma ya mzee walikuwa wamesimama watu wasiopungua kumi na watano. Akasema, "Babu, samahani sana, maziwa haya siwezi kuyapokea." Mzee akamtazama, akamuuliza kwa utulivu, "Mjukuu wangu, kwani wewe umeanza lini kazi hapa?" Hakuna kitini kinachomwandaa kijana kwa swali hilo. Kwa mila zetu mtoto hamkatalii mzee mbele za watu, na tangini yalikuwamo maziwa ya wanakijiji ambao nao walikuwa wazee wake.

Msimamizi, mama wa makamo aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, hakumwondoa binti pale wala hakumtetea kwa sauti. Alimwomba mzee wasogee pembeni pamoja na binti, akamtaka binti arudie kipimo kwa mara ya tatu mzee akiwa ameshika kijiko kwa mkono wake mwenyewe. Ndipo ilipojulikana kwamba mzee alikuwa amechanganya maziwa ya jioni na ya asubuhi ili ndoo ijae, na ya jioni yalikaa usiku kucha bila kupozwa. Alielekezwa ayafanye mtindi wa nyumbani, na kuanzia siku hiyo alete ya asubuhi peke yake. Alirudi siku iliyofuata na lita nne. Zikapita. Alipokuwa akiondoka alimwambia binti "ndaga", neno la shukrani la Wanyakyusa, na mtoto wangu, ambaye hajui Kinyakyusa zaidi ya salamu, alilirudia neno hilo nyumbani wiki nzima.

Nimesimulia tukio hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonionesha ubora wa programu yenyewe. Ijumaa ya wiki hiyo mkufunzi aliwauliza vijana 34 waliokuwa darasani kila mmoja aeleze jambo moja gumu alilokutana nalo kazini. Binti alieleza habari ya mzee. Mkufunzi hakutoa hotuba. Aliwagawa katika makundi, akawaambia waigize tukio lile mara tatu, kila mara kwa njia tofauti: mpimaji anapokea maziwa kwa kuona haya, mpimaji anamkatalia mzee kwa ukali, na mpimaji anafanya kama alivyofanya yule mama. Baada ya hapo ndipo akaandika ubaoni maneno mawili, mamlaka na heshima, na mjadala ukaendelea hadi chakula kikapoa. Kijana aliyekuwa kwenye karakana ya useremala alikuwa na la kusema, na aliyekuwa kwenye duka la dawa za mifugo pia. Hapo darasa na kazi vilishikana, na ninaamini kwa dhati kwamba mafunzo ya uongozi yasiyo na kituo cha kazi nyuma yake yangebaki kuwa maneno.

Mafunzo mengine ya Ijumaa yalikuwa ya kawaida lakini yenye manufaa: namna ya kuandaa ajenda, maana ya akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kikao kiwe halali), kuandika muhtasari wa kikao, kusoma bajeti. Walielezwa pia kuhusu asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Binti alinifafanulia jambo hilo mezani vizuri kuliko nilivyowahi kulisikia mikutanoni.

Safari ya wiki ya tano ilikuwa somo la pekee. Vijana walipewa fedha taslimu na kuambiwa wapange wenyewe siku moja ya kwenda Ziwa Ngosi, lile lililo ndani ya kreta ya volkano upande wa Isongole. Walichagua mwenyekiti, katibu na mhazini, na mhazini akawa binti yangu. Walihesabu gari, wakahesabu mikate na maji, wakasahau fedha ya mwongoza njia. Waligundua wakiwa tayari wamefika. Wakufunzi walikuwepo na fedha wanayo, lakini walinyamaza na kuwaachia vijana kikao cha dakika kumi kando ya barabara, ambacho kiliamua kila mmoja achangie kidogo na kwamba mhazini asilaumiwe kwa kuwa bajeti ilipitishwa na wote. Walipanda msituni, wakapita kwenye mianzi, wakaliona ziwa, wakarudi wakiwa na matope hadi magotini. Kile kikao cha barabarani kiliandikiwa muhtasari kamili, wenye ajenda moja na saini mbili, na nimeusoma.

Sasa niseme yasiyoridhisha, kwa maana yapo na yanaumiza. La kwanza ni kitini. Chote kimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha juu, ilhali wakufunzi wanafundisha kwa Kiswahili na vijana wanafikiri kwa Kiswahili. Mimi ni mwalimu na ninalisema hili kwa uchungu: nilimkuta binti usiku akitafuta kwenye kamusi maneno ambayo yana visawe vyepesi katika lugha anayoizungumza tangu utotoni. Kijana anayekwenda kuongoza kikao cha wafugaji wa Rungwe au wakulima wa viazi wa Umalila atakiongoza kwa Kiswahili. Kurasa arobaini haziwezi kushindikana kutafsiriwa.

La pili ni wageni waalikwa wa Jumamosi. Wawili kati yao walikuwa wazuri sana, hasa mama anayesindika matunda aliyekuja na madaftari yake ya hesabu ya mwaka wa kwanza, yenye hasara zote zilizoandikwa, akayapitisha mikononi mwa vijana. Mwingine alichelewa kwa saa tatu, akazungumza kuhusu vyeo vyake mwenyewe, akaondoka bila kupokea swali hata moja. Vijana waliokuwa wametoka Mbozi na Mbarali alfajiri walimsubiri kwa njaa. Taasisi iliomba radhi Ijumaa iliyofuata, na hilo ninalithamini, lakini muda wa watoto haukurudi.

La tatu ni taarifa za kituo cha kazi, ambazo tulizipata siku tatu tu kabla ya kuanza. Kwangu haikuwa tabu kwa sababu nina wifi Tukuyu. Mzazi asiye na ndugu huko angefanya nini? Nimeambiwa kwamba msichana mmoja aliyepangiwa Kyela ilibidi abadilishiwe kituo na kuwekwa kwenye duka la kutoa nakala mjini, ambako wiki nzima hakufundishwa kitu zaidi ya kufagia na kupanga karatasi. Alilipa ada ileile. Wahusika wanapaswa kuuliza mapema kijana ana makazi wapi, ndipo wapange kituo.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama programu hii inafaa, jibu langu ni kwamba inafaa endapo kituo cha kazi kinafaa. Usivutwe na cheti, ambacho ni karatasi nzuri yenye muhuri, wala na fulana. Uliza kijana atafanya kazi gani, nani atamsimamia, na kama katika kazi hiyo kuna uamuzi wowote, hata mdogo, atakaoachiwa aufanye. Nenda ukakione kituo mwenyewe. Mimi nilikwenda kwa wafugaji wale wiki ya nne, siku ya Jumatano, nikakaa kwenye benchi pamoja na wenye ndoo, na nikamwona mwanangu akisoma laktomita akiwa ameinama hadi macho yalingane na maziwa, kama alivyofundishwa, huku foleni ikimngoja bila manung'uniko.

Pia mfungashie sweta zito. Kipupwe cha Rungwe mwezi wa sita si cha mchezo, na kituo hakina mlango upande wa barabara.

Binti ameripoti kidato cha tano mwanzoni mwa Julai na amechukua mchepuo wa Kemia, Baiolojia na Jiografia, ingawa hadi mwezi wa nne alikuwa akisema atasoma masomo ya sanaa. Mdogo wake atamaliza kidato cha nne mwakani. Nimekwishaiandikia taasisi kwamba nitamleta, na kwamba niko tayari kukaa nao siku za Jumamosi kukitafsiri kitini bila malipo. Bado ninasubiri jibu lao.