Unataka kununua kitabu cha sanaa chenye picha? Soma hapa kwanza

Kitabu cha kwanza cha sanaa nilichonunua onlaini kilikuja kwenye bahasha. Mi nilikuwa nasubiri boksi. Kwenye skrini kilionekana likitabu la maana, jalada limejaa ile picha ya mchoraji wa zamani Bruegel ya watoto wanacheza, nikajisemea hii ndo yenyewe, sikusoma vipimo wala nini, kumbe viliandikwa pale chini kabisa, sentimita 14 kwa 19, yaani daftari dogo la shule. Sasa ile picha Bruegel aliichora mwaka 1560, ina watoto zaidi ya 200 na kila kikundi kina mchezo wake, na yenyewe halisi ina upana wa kama mita 1.6. Kwenye kitabu changu watoto walikuwa siafu. Wale wawili wa mbele wanaosukuma magurudumu nikawaona, wengine ilibidi niamini tu kwamba wapo.

Toka siku hiyo nimenunua vingi, vingine najivunia na vingine nimevificha. Hapa navipanga kwa aina, kuanzia ninachokipenda zaidi mpaka ambacho hata bure sitaki. Sio sheria, ni macho yangu tu, ila kipimo changu ni kimoja: je, hiki kitabu kinanionyesha ile kazi, au kinaniambia tu kwamba ipo?

Namba 1: katalogi za maonyesho, hasa za mtumba

Watu wengi wanaziruka kwa sababu ya hilo neno katalogi, wanadhani ni orodha ya bei. Sio hivyo. Makumbusho ikiandaa maonyesho makubwa ya msanii, inakusanya kazi zake kutoka kila kona alafu inatoa kitabu cha kwenda na hayo maonyesho, na hicho kitabu mara nyingi kinaandikwa na watu waliomsoma huyo msanii miaka na miaka. Chukua mfano wa Vermeer, mchoraji wa Uholanzi. Picha zake zinazojulikana duniani ni kama 37 tu, na mwaka 2023 makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam ikafanikiwa kuweka 28 mahali pamoja. Maonyesho yaliisha, picha zikarudi kwao, kilichobaki ni kitabu.

Angalia maelezo ya picha kwenye katalogi nzuri yalivyo: jina la kazi, mwaka, imechorwa kwa nini na juu ya nini (rangi za mafuta kwenye kanvasi, au kwenye mbao), vipimo, na ilipo sasa. Vipimo ndo vya muhimu na watu hawavisomi. Kwa kawaida urefu wa kwenda juu unatangulia alafu upana. Yule msichana wa Vermeer mwenye hereni ya lulu ni sentimita 44.5 kwa 39, kwa hiyo kitabu kikubwa kinaweza kukuonyesha karibu ukubwa wake halisi. Guernica ya Picasso ya 1937 ni karibu mita 3.5 kwa 7.8. Hizi mbili zikikaa kwenye kurasa zinazofuatana zimejaza karatasi sawa, bila vipimo utadhani ni ndugu.

Ubaya wa katalogi ni kwamba mwanzoni kuna insha ndeefu, nyingine zimeandikwa kama mtu anagombana na profesa mwenzake, ruka, nenda kwenye picha, utarudi ukipenda. Na toleo likiisha mara nyingi halirudi tena, ukiikuta ya mtumba kwa bei nafuu usijifikirie wiki mbili.

Ila kwenye mtumba kuna mtego mmoja ambao ulinipata. Nilinunua kitabu kizuri tu cha Michelangelo, kizito, jalada gumu, nikashangaa dari la Sistine, lile kanisa la Vatikani alilolichora, liko kahawia kahawia, nikalaumu uchapaji. Uchapaji haukuwa na kosa. Lile dari alilichora kati ya 1508 na 1512, likala moshi wa mishumaa na uchafu wa karne kadhaa, usafishaji ukaanza 1980 na dari likamalizika 1989. Kilichotokea chini ya ule uchafu ni pinki, kijani mbichi, rangi ya machungwa, vitu ambavyo watu hawakutegemea, mpaka wengine walilalamika kwamba wamesugua kupita kiasi. Kitabu changu kilichapwa kabla, kwa hiyo nilikuwa nimenunua picha ya masizi. Vivyo hivyo kwa ile picha ya Vermeer ya msichana anasoma barua dirishani, iliyopo Dresden: kwenye vitabu vya zamani nyuma yake kuna ukuta mtupu, lakini walipoisafisha na kuionyesha tena 2021 pale ukutani kuna mtoto Kupido, yule mungu wa mapenzi wa Warumi, mzima mzima, alikuwa amefunikwa kwa rangi na mtu mwingine baada ya Vermeer kufa. Kwa hiyo kabla ya kununua cha zamani angalia mwaka wa kuchapwa, alafu tafuta kama kazi kubwa za huyo msanii zimesafishwa baada ya hapo. Ni dakika 5.

Namba 2: vitabu vya michoro ya penseli, wino na chaki

Najua wengi mtashangaa hii kuwa juu, lakini fikiria. Picha ya rangi za mafuta ina unene, ina mng'ao, ina mita zake, alafu unaibana kwenye karatasi kwa wino wa rangi nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi. Lazima upoteze kitu. Ile buluu kali ya msanii Mfaransa Yves Klein ndo kabisa, kwenye karatasi inakuja imepoa, haiwezekani. Mchoro wa penseli wenyewe ulikuwa karatasi toka mwanzo, mara nyingi ukubwa wake ni wa ukurasa, kwa hiyo unachokiona kitabuni kinakaribia sana kile alichokishika msanii, hadi pale alipofuta na alipokazia mkono unapaona. Kwa mtu anayejifunza kuchora hiki kinashinda likitabu lolote la kifahari.

Barua za wasanii nazo naziweka humu, maana wengine walikuwa wanachora ndani ya barua. Ila za Van Gogh usikimbilie kununua. Van Gogh Museum walitoa toleo lao kamili mwaka 2009, juzuu 6 kwenye karatasi, na barua hizohizo pamoja na michoro yake wameziweka kwenye intaneti bure. Soma kwanza, ukinogewa ndo ununue.

Namba 3: vidogo vya msanii mmoja

Hapa ndo pa kuanzia kama mfuko umekaza. Wachapishaji Taschen wana mfululizo wao wa Basic Art ulioanza 1985 na Picasso, kimoja kina kama kurasa 96, maelezo mafupi, picha nyingi, na bei yake kwa kawaida ni ya chini kuliko karibu vyote nilivyovitaja. Thames & Hudson nao wana World of Art, huo ni wa tangu 1958, wenyewe una maneno mengi zaidi na picha ndogo, mimi nauchukulia kama kitabu cha kusoma kuliko cha kuangalia.

Ushauri tu: kwa saizi hii chagua msanii ambaye kazi zake zinavumilia kupunguzwa. Matisse anavumilia, maumbo makubwa, rangi zilizotulia. Bruegel havumilii, nimeshasema.

Namba 4: historia yote ndani ya kitabu kimoja

Kila mtu anakimbilia hivi kwanza na mi sikatai, ila vinakupa ramani tu, mji hujauona. Kile cha mwanahistoria wa sanaa Gombrich, The Story of Art, cha 1950, bado kinasomeka kwa raha sana kwa sababu jamaa alijiwekea sharti kwamba asizungumzie kazi ambayo hajaiweka picha yake, kwa hiyo hutupiwi majina hewani. Lakini angalia unanunua toleo gani. Lile kubwa picha ziko jirani na maneno, unasoma huku unaona. Lile la mfukoni la 2006 karatasi zake ni nyembamba kama za Biblia, maneno yako mbele na picha zote zimehamishiwa nyuma, wakaweka na riboni mbili za kualamisha, kwa hiyo unasoma unageuza, unasoma unageuza, mpaka kidole kinachoka. Zuri kwa safari, baya kwa kitabu cha aina hii.

Na kilipotoka hakikuwa na msanii mwanamke hata mmoja. Hata mmoja! Katy Hessel mwaka 2022 alitoa cha kwake akakiita The Story of Art Without Men, jina lenyewe ni jibu, ukivisoma viwili pamoja unapata picha iliyotimia kidogo.

Kwa kitabu chochote kinachojiita historia ya sanaa ya dunia, fungua faharasa nyuma kabla ya kulipa. Tafuta Ife, tafuta Benin (zile falme za kale za Nigeria ya leo), alafu tafuta mtu wa karibuni kama El Anatsui, mchongaji wa Ghana. Ukikuta Afrika nzima ni sura moja yenye vinyago visivyo na mwaka wala mahali, alafu Ufaransa ya karne ya 19 imepewa sura tano, hiyo dunia yao ni ndogo. Sio lazima usikinunue, ila usilipie neno dunia.

Namba 5: yale mazito ya mezani

Haya yanapendeza, sikatai. La mpiga picha Helmut Newton linaloitwa SUMO, la 1999, lilikuwa na kilo kama 35 na likaja na meza yake iliyobuniwa na Philippe Starck, kitabu chenye samani yake jamani. Hata yale ya kawaida ya kilo 4 au 5 uzuri wake ni vipande vilivyokuzwa, unaona nyufa za rangi, unaona jicho limechorwa kwa mabaka matatu tu. Shida ni kwamba huwezi kuyasoma kitandani wala kwenye kochi, yanataka meza, na kitu kinachotaka meza kinafunguliwa mara mbili kwa mwaka. Ukiagiza onlaini gharama ya kusafirisha uzito huo nayo ihesabu mapema.

Na hapa ndo pa kukagua uti, yaani mgongo wa kitabu. Angalia kitabu kutokea juu, pale kurasa zinapoingilia mgongoni. Ukiona vifungu vifungu kama vidaftari vimepangwa, kimeshonwa, kitafunguka kikalala. Ukiona karatasi mojamoja zimesimama kwenye gundi, kikiwa kizito hivyo kurasa zitaanza kuachia. Alafu tafuta picha iliyolala kurasa mbili. Guernica kwenye kitabu cha gundi farasi wa katikati anamezwa na uti, na yule farasi ndo moyo wa picha.

Namba ya mwisho: vile vinavyochapwa ukishaagiza

Hivi viepuke. Utavijua hivi: jalada limepangwa haraka haraka, hakuna jina la mwandishi au lipo ambalo halipatikani popote, hakuna kurasa za mfano, na hakuna mahali wameandika picha zimetoka makumbusho gani. Mtu kachukua picha za wachoraji waliokufa zamani ambazo hazina tena hakimiliki, kazishusha kwenye intaneti, kazibandika. Nilipata kimoja cha Rembrandt, sehemu za giza zote zimekuwa lami, huoni kofia wala ukuta, na kwa Rembrandt humo gizani ndo mwenyewe alipokuwa anafanyia kazi. Nikazuum kwa simu nikaona pikseli. Picha hizohizo Rijksmuseum wanakupa bure kwenye tovuti yao, tena kali kuliko zile nilizolipia.

Na kabla hujalipia chochote kati ya nilivyotaja, pita kwenye maktaba za intaneti za Metropolitan Museum na Getty, makumbusho za Marekani, wote wameweka vitabu vyao vingi vilivyoisha sokoni, unashusha kizima. Skrini haichukui nafasi ya karatasi, ila inakuonyesha kama huyo msanii utamrudia mara ya tatu au ilikuwa hamu ya siku moja tu. Vitabu vya sanaa vya watoto sijavipanga kwa sababu ni mada nyingine, ila kwa mtoto nunua jalada gumu na usimnunulie chenye maneno kuliko picha.

Kikishafika kwako, kikubwa kilaze, usikisimamishe, maana kurasa zinavuta mgongo taratibu mpaka unalegea. Jua la moja kwa moja lisikiguse. Na zile karatasi zinazong'aa zina unga juu yake ambao ukilowa unageuka gundi, kwa hiyo kikimwagikiwa maji usikifunge ukasema kitakauka chenyewe, tia karatasi kavu kati ya kila kurasa mbili saa hiyohiyo na uwe unazibadilisha, zikishakaukia zimeshikana ukizibandua inatoka na sura ya mtu.